Saa Arobaini na Nane

Mifuko imerudi kwa lori lile lile lililoipeleka,
elfu arobaini na moja, ndani ya maboksi yenye nembo yetu,
na barua ya kiwanda cha jibini cha Kaukauna, mstari mmoja:
tabaka zinaachana, jibini inaota kuvu, nani atalipa?

Ni Februari mjini Neenah. Ziwa limeganda
hata watu wameegesha magari juu yake,
na humu ndani hewa ni kavu mno, ukigusa roli
cheche inakurukia kidoleni kama tusi.

Kila mtu alikuja na kidole chake cha kunyooshea.
Muuza gundi, mwenye kishikwambi na viatu visivyowahi kukanyaga wino,
akasema: ni utando, haukupigwa umeme wa kutosha usoni.
Muuza utando akatoa kalamu ya majaribio, akachora mstari,
wino ukatulia, haukujikusanya kuwa matone.
Mnaona? Wangu hauna kosa.
Mhasibu akasema resini imepanda senti sita kwa ratili,
jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.
Na Verlyn, mwenye kampuni, mtoto wa mwenye kampuni,
alikaa akihesabu kwa midomo bila sauti:
mkopo wa mashine mpya, mishahara ya watu hamsini na watatu,
na wale wanunuzi wa Chicago wanaopiga simu kila Jumatatu
kuuliza kama amechoka.

Pa Nhia Vang hakuitwa kikaoni.
Alikuwa chini, kwenye mashine namba mbili,
mwaka wa kumi na tisa huu, akitega sikio kwa utando unaokimbia
kama mtu anavyosikiliza pumzi za mtoto mwenye homa.
Ukilegea, hufanya makunyanzi.
Ukikazwa kupita kiasi hutii, kisha hulipiza kisasi
baada ya kukatwa, mfuko ukajikunja kama ulimi.

Aliokota mmoja uliorudi. Akauchokonoa pembeni kwa ukucha.
Tabaka mbili zikaachana bila kelele,
na katikati gundi ilikuwa bado inanata,
mbichi, kama asali iliyorinwa kabla ya wakati.
Akageuza boksi, akasoma lebo:
imegundishwa Jumanne, saa nne usiku.
Imekatwa Jumatano, saa kumi na mbili jioni.
Saa ishirini.
Gundi hii huomba arobaini na nane.
Huomba chumba chenye joto, na kuachwa peke yake.

Sasa niseme: sahihi iliyo chini ya lebo ni yangu.
Mimi ndiye wa ratiba, ghorofa ya juu, dirisha la maegesho.
Mteja alipiga simu mara tatu siku ile.
Niliona pengo, nikalijaza.
Kwenye kioo cha kompyuta roli iliyoiva na roli mbichi
zina rangi moja ya kijani.
Gundi haikuusoma mkataba.

Alipanda ngazi. Sikumbuki kama aliwahi kupanda kabla.
Akauweka mfuko mezani kwangu, karibu na kikombe,
upande ulioachana ukinitazama kama kinywa.
"Huu umeivishwa kwa maneno," alisema.
Kisha akauliza kama nina watoto wanaokula jibini.

Nilimwendea Verlyn kabla ya chakula cha mchana.
Hakunifokea. Afadhali angenifokea.
Alitazama nje, yale magari madogo juu ya barafu,
akasema baba yake alikuwa na chaki,
akiandika saa kwenye kadibodi ya kila roli, kwa mkono.
Mimi ndiye niliyeshauri iachwe. Chaki inachafua.

Usiku huu roli kumi na moja zimo chumba cha joto.
Simu inalia. Ni Kaukauna, au ni Chicago.
Pale mfuko ulipokuwa nimekuta kipande cha chaki, cha buluu.
Nashuka nacho. Naandika: Alhamisi, saa tatu na robo.
Hadi Jumamosi, msiziguse.
Halafu nafuta ile *m* kwa kidole gumba,
naandika *ni*.